Wale wa Maktau Hawakujitolea

Wiki kadhaa zilizopita binamu yangu alinitumia video ya dakika kumi na moja. Watu kama ishirini, wazee kwa vijana, wako ndani ya banda la mabati mahali fulani Ulaya, wanafuta mabawa ya ndege. Ni hiyo tu. Mmoja anatoa wadudu waliokaukia kwenye ukingo wa bawa kwa sifongo na maji. Mwingine amelala chali chini ya ndege, anapaka grisi. Mama mmoja mwenye mvi anashona turubai lililochanika. Nje kuna kijana anafyeka nyasi za uwanja na trekta kuukuu linalokohoa moshi. Hakuna anayeruka siku hiyo. Hakuna anayelipwa. Jioni wanakunywa supu, wanaenda kwao.

Chini ya video binamu ameandika: "Sasa hawa hawana kazi za kufanya kwao?"

Nilicheka. Halafu nikaitazama tena. Halafu tena. Mimi ni mtoto wa Voi, na kuna kitu kwenye ile video kilinikwama kooni kama mfupa wa samaki, na ndicho nimekuja kuwaambia leo. Vumilieni, itabidi tupite Rufiji, Ujerumani na Maktau kabla hatujafika.

Kwanza, hizo ndege. Zinaitwa glaida, hazina injini. Unavutwa juu kwa waya wa winchi au na ndege nyingine yenye injini, unaachia kamba, kisha ni wewe na hewa. Jua likichoma ardhi, hewa iliyo juu yake inapata moto na kupanda, na rubani akiipata anazunguka ndani yake akipanda nayo. Kama hujaelewa, shuka Voi saa tano asubuhi, simama upande wa Sagalla, tazama tai. Tai hapigi bawa. Anazunguka tu, na kila mzunguko yuko juu zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1970 mwanasayansi mmoja Mwingereza, Colin Pennycuick, alikuwa akiruka na glaida yenye injini ndogo pamoja na tai kule Serengeti, akiwafuata angani ili ajifunze wanavyosafiri. Hapa Kenya mchezo huu umejulikana zaidi Mweiga, karibu na Nyeri. Kwetu Taita Taveta hatuna klabu ya glaida. Hewa tunayo, ya bure, ya kumwaga. Klabu ndiyo hakuna.

Jambo la pili kuhusu glaida ni kwamba huwezi kuruka peke yako hata uwe na pesa za aina gani. Lazima kuwe na mtu wa kushika ncha ya bawa na kukimbia nalo mpaka ndege ishike mwendo. Lazima kuwe na mtu wa winchi, na mtu wa kwenda kukuchukua shambani kwa watu ukitua mahali si pako. Na kuna zile siku za usafi na matengenezo kama niliyoiona kwenye video, ambapo rubani wa miaka thelathini na mtoto aliyejiunga jana wote wanashika kitambaa. Kutumia kitambaa ni sehemu ya kuruka.

Huo utaratibu ulitoka wapi? Hapa ndipo niliposhtuka.

Mwaka 1919 Vita Kuu ya Kwanza imeisha, mabwana wakubwa wameketi Versailles, Ufaransa, wanaandika mkataba. Mkataba huo huo unafanya mambo mawili yanayotuhusu. Moja, Ujerumani inanyang'anywa makoloni yake yote, likiwemo lile lililokuwa jirani yetu hapo ng'ambo ya Taveta, ambalo Waingereza walikuja kuliita Tanganyika. Pili, Ujerumani inakatazwa kuwa na jeshi la anga, na kwa muda inakatazwa hata kutengeneza ndege na injini zake. Lakini waliosoma yale masharti waliona pengo: hakuna mtu aliyekataza ndege isiyo na injini. Majira ya joto ya 1920 wanafunzi na wanajeshi wa zamani wakapanda mlima mmoja unaoitwa Wasserkuppe wakiwa na ndege za mbao na kitambaa walizozitengeneza wenyewe, wakashindana. Mshindi mmoja, Wolfgang Klemperer, aliruka mita 1,830. Dakika mbili na ushee tu. Miaka hiyo ndege ilirushwa kwa kamba ya mpira: vijana wanashika ncha mbili za kamba, wanakimbia kuteremka mlima, kamba inavutika, ndege inafyatuka kama jiwe kwenye manati. Wewe ukitaka zamu yako ya kuruka, ulikimbia kwanza na kamba kwa ajili ya wenzako. Klabu za glaida zilikulia hapo, na ile tabia ya wote kushika kitambaa ilikulia hapo pia.

Kwa hiyo ule mchezo mtulivu wa wazee wa Ulaya na supu yao ni mtoto wa vita. Na vita hivyo, upande huu wa dunia, vilipiganwa wapi? Kwetu, jamani. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, vita havijamaliza hata mwezi, wakakaa humo mpaka Machi 1916. Mpaka kati yao na Waingereza ukawa ni nyika ile unayoipita ukiwa kwenye matatu ya Voi kwenda Taveta huku umelala mdomo wazi.

Na juu ya nyika hiyo kulikuwa na ndege.

Shuleni tulifundishwa vita hivi kwa aya mbili. Kwamba kulikuwa na Wakariakoo, kwamba Lettow-Vorbeck alikuwa mjanja, mtihani ukaisha. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba ndege za kijeshi ziliruka kutoka Maktau miezi ya mwisho ya 1915, wakati watu wengi duniani walikuwa hawajawahi kuona ndege hata ya karatasi.

Hadithi inaanzia pwani. Meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza walihitaji macho ya juu. Novemba 1914 wakamchukua rubani raia, Dennis Cutler, na ndege yake kuukuu ya kutua majini, wakampeleka kwenye kisiwa karibu na Mafia. Radieta ikaharibika. Unajua walichofanya? Meli ilitumwa mpaka Mombasa, ikarudi na radieta ya gari aina ya Ford, wakaifunga kwenye ndege. Ndege ikaruka. Ndiyo maana nasema jua kali haikuanzia Gikomba. Mwezi uliofuata Cutler akaanguka, akatekwa. Zikaletwa ndege nyingine, na joto la pwani likazishinda: gundi iliyoshikilia mbao ikalegea, viungo vikaachana. Mwishowe, tarehe 11 Julai 1915, Königsberg ilimalizwa na mizinga iliyoongozwa kutoka angani.

Kazi hiyo ilipoisha, sehemu ya kikosi hicho cha jeshi la majini ililetwa bara, Maktau, na ndege aina ya Caudron. Wanamaji kwenye nyika kavu ya Taita, hebu wazia. Kisha mwisho wa Januari 1916 kikosi cha 26, ambacho wengi wake walitoka Afrika Kusini, kikashuka Mombasa na kwenda Mbuyuni. Nembo yao ina kichwa cha swala na maneno ya Kiafrikana yanayomaanisha mlinzi wa angani.

Nimetafuta picha za ndege hizo kwa siku nyingi. Caudron ilikuwa mbao, waya, na kitambaa cha kitani kilichopakwa vanishi kikaze. Yaani ukitoa injini, ni ndugu wa zile glaida za Wasserkuppe. Na injini zenyewe! Nyingi za wakati huo zilizunguka zenyewe pamoja na propela, na zilitumia mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika, ule mmea unaoota kando ya barabara ambao nyanya zetu walitukamulia mafuta yake tukifunga choo. Injini ilirusha mafuta hayo nyuma, usoni kwa rubani, naye akayameza. Malizia mwenyewe kilichowapata tumboni. Mashujaa wa anga.

Sasa fikiria kutunza kitu kama hicho Mbuyuni mwezi wa pili. Mchana jua linakunja mbao. Usiku baridi. Mchwa wanakula chochote kilichogusa ardhi. Vumbi jekundu linaingia kwenye injini. Maji hayapo, yalibidi yaletwe kwa mabomba kutoka upande wa milima ya Bura. Mafuta, vipuri, mabati, chakula, vyote vilipita kwenye reli mpya ya kijeshi iliyotandazwa kutoka Voi kuanzia mwanzo wa 1915, ambayo ilifika Maktau katikati ya mwaka huo. Ili ndege moja iruke saa moja kuchungulia Salaita, kulikuwa na mamia ya mikono chini.

Mikono ya nani? Mafundi wa ndege walikuwa wazungu, na kwenye reli kulikuwa na makampuni ya wajenzi kutoka India. Hao tunawajua. Lakini kazi ya kung'oa visiki, kufyeka miiba, kusawazisha ardhi, kuchimba mitaro, kubeba madumu, katika vita hivi ilikuwa ya vibarua na wabebaji Waafrika. Hiyo ndiyo ilikuwa timu ya usafi na matengenezo ya uwanja wa ndege. Hakuna aliyewapiga picha wakicheka na supu.

Mwezi uliopita tulienda. Wasee sita, panga nne, majembe mawili, maji lita ishirini. Tuliahidiana kufyeka kichaka kwenye mistari ya mawe ya kambi ya zamani Maktau, kwa ruhusa ya wenye pale, ili watoto wa shule wakija waone kitu. Nakiri nilikuwa nimebeba pia kamera na mistari mitatu ya kusema nikiwa nimeshika panga. Matatu ilituacha kandoni saa mbili, jua tayari kali. Upande wa pili wa barabara kinyesi cha ndovu kibichi, kwa hiyo tulianza kazi tukigeuka nyuma kila dakika.

Hakuna kitu cha kuvutia pale, nisiwadanganye. Mawe yaliyopangwa, mitaro iliyojaa mchanga, makopo yenye kutu ya nyama ya jeshi, vipande vya chupa. Ukikuta ganda la risasi liache hapo hapo, ni mali ya historia na kuna sheria. Mahali pa ndege, hata hupaoni. Ni nyika tambarare kama nyika nyingine, na ndiyo sababu ndege zilitua hapo.

Saa nne akaja mzee mmoja na mbuzi wake. Tukamsalimu. Akaitikia, akasimama kivulini, akatutazama kwa muda mrefu bila haraka. Halafu:

"Mmelipwa na nani?"

"Hatujalipwa, babu," nikasema. Nilijivuna kidogo. "Tumejitolea."

Akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Kujitolea. Baba yangu alikuwa akituambia, hapa watu walitolewa."

Akafuata mbuzi wake. Sikuwa nimewasha kamera.

Nimelibeba hilo neno mpaka leo. Herufi mbili tatu tu zinatofautiana, na ndani yake kuna vita vizima. Mwanzoni mwa vita wapo walioenda kwa sababu ya mshahara. Lakini mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha watu kwa lazima, na machifu wakapewa idadi ya kutimiza. Ukitajwa, umeenda. Kila mbebaji akapewa namba. Kwa upande wa Waingereza, vita vyote vikihesabiwa, watu waliotumika kubeba wanakadiriwa kufika karibu milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na waliokufa ni zaidi ya 90,000. Wengi wao risasi haikuwagusa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ambao hawakupewa muda wala kuni za kuuivisha. Mishahara ya wengi waliofia huko haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Na hapa kwetu kulikuwa na zaidi ya hayo. Mwaka 1915 watu wa Kasigau walishukiwa kwamba waliwasaidia Wajerumani waliouteka mlima wao. Waingereza wakawahamisha wote, wake kwa watoto, mpaka upande wa Malindi, kwenye joto na mbu wasiowazoea. Wengi walifia huko. Waliobaki walikaa miaka kama ishirini kabla ya kurudi mlimani kwao. Ukipita Kasigau leo na vijitabu vya utalii mkononi, kumbuka kwamba mlima huo uliwahi kubaki bila watu wake.

Turudi Voi sasa, kwa sababu kuna mtu mmoja lazima nimtaje. Septemba 3, 1915, karibu na Maktau, luteni mmoja mzaliwa wa Australia, Wilbur Dartnell, alijeruhiwa mguu. Wenzake walipotaka kumbeba, alikataa, akabaki na majeruhi wengine ambao hawangeweza kuondolewa, akitumaini kuwapigania. Aliuawa pale. Akapewa nishani ya Victoria Cross, ile kubwa kuliko zote. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya vita ya Voi. Nimepita hapo tangu nikiwa darasa la tatu. Mawe yamesimama kwa mstari, nyasi zimekatwa, majina yanasomeka. Sina kinyongo na Dartnell hata kidogo. Alichofanya ni ujasiri, na kaburi safi ni haki yake. Maktau pia kuna makaburi ya wanajeshi wa India, na Taveta kuna mengine.

Swali langu ni la yule aliyebeba maji ya Dartnell.

Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi hayo, ile ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba wafu wa Afrika, India na kwingineko hawakutendewa sawa na wazungu. Waliohesabiwa kuwa hawakutajwa kwa jina, au pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote, ni kuanzia 116,000 na huenda wakafika 350,000. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kwao, akaomba radhi. Hapa Nairobi wamesimama wale watatu wa shaba pale Kenyatta Avenue tangu 1928, mbebaji akiwa mmoja wao. Unapita hapo ukikimbilia matatu, na hawana majina. Mtaa wa Kariokor umepata jina kwa kikosi hicho, na Kariakoo ya Dar es Salaam vilevile. Kikosi kina masoko mawili. Watu wake hawana hata jiwe.

Najua mtu atasema, buda, hayo ni ya miaka mia moja, na wewe ulianza na ndege. Sawa. Lakini si unaona jinsi inavyotugusa? Mimi nimejaribu mara tatu kuita vijana wa mtaa wetu tufanye usafi wa kujitolea, na mara tatu nimejibiwa kwa lile swali la mzee: nani analipa? Nilikuwa nawaona wavivu. Niliandika hadi maneno makali hapa, mnakumbuka. Sasa nafikiri niliwaonea. Kwenye nchi hii kazi ya mikono bila malipo ilikuja kwanza na chifu, askari na namba ya shaba shingoni. Baadaye ikaja na kipande, na baadaye tena ikaja na jina la maendeleo huku mwingine akipigwa picha. Mtu ambaye babu zake walitolewa ana kila sababu ya kuuliza nani analipa. Lile swali ni kumbukumbu, hata kama anayeliuliza hajui ameikumbuka kutoka wapi.

Wale wa Wasserkuppe walishindwa vita, wakapanda mlima, wakakimbia na kamba kwa zamu ili kila mmoja aonje kuruka. Waliofyeka Mbuyuni walikuwa upande ulioshinda vita, na hawakupewa zamu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya ile video na Maktau. Tatizo silo kitambaa. Nani anaruka baada ya kufuta, hapo ndipo penye maneno. Hata leo, ndege ndogo zinazopita juu ya Tsavo kuhesabu ndovu nazisikia tangu utotoni, na sikuwahi kuambiwa na mtu mzima yeyote kwamba mtoto wa Mwatate anaweza kuwa fundi wake, achia mbali rubani. Tulifundishwa kuzipungia mkono. Maze, tulizipungia kweli, tena tukikimbia.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwa nimepanga kuliandika. Niliporudi kutoka Maktau nilimpigia nyanya yangu aliye Wundanyi, nikamsimulia yule mzee na mbuzi wake. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Babu yake mama yangu alienda," akasema.

"Alienda wapi, nyanya?"

"Hiyo ya kubeba. Alienda na ndugu yake. Yeye alirudi, ndugu hakurudi. Walisema alikuwa kwa reli ya Maktau, halafu akapelekwa mbele na hakuna mtu alisikia tena."

Miaka yangu yote, mkate na chai jikoni kwake, hajawahi kunitajia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hukuuliza." Halafu akaongeza kwamba mama yake alipokuwa akimtaja huyo ndugu, alishusha sauti, maana hakuzikwa, na asiyezikwa hatajwi ovyo.

Nikamwomba jina. Akanitajia mawili, la kuzaliwa na la kuitwa, na akanisahihisha mara mbili nilipoyaandika kwenye simu, kwa sababu niliyaandika Kiswahili na yeye alitaka Kidawida. Sitayaweka hapa. Nyanya hataki, na mimi nimekubali. Yako kwenye simu yangu, na kwenye daftari lake sasa, ambalo ameandikiwa na mjukuu wake mdogo kwa kalamu nyekundu kwa sababu nyeusi ilikuwa imeisha wino.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunarudi Maktau. Kamera inabaki nyumbani safari hii. Kila atakayekuja aje na maji yake, kofia, na kama anaweza, aketi kwanza na mzee wa kwao aulize nani alitolewa, aje na jina hata kama ni nusu. Tukimaliza kufyeka tutakaa kivulini tuyasome kwa sauti, yule mzee wa mbuzi akiwepo tutamwomba aanze yeye. Nauli kutoka stendi ya Voi kila mtu anajilipia. Panga tunazo nne, mwenye ya tano aibebe.